Lenzi ya babu kwenye kamera ya leo: mwongozo kamili kutoka Dodoma

Mzee mmoja wa mtaani kwetu, Area C, alisoma Urusi enzi za Wasovieti. Alirudi na shahada, koti zito ambalo hapa Dodoma halina kazi, na kamera ya Zenit. Kamera ilikufa siku nyingi, shata imeganda. Nilipokwenda kumpiga picha za familia akaitoa kabatini, imefungwa kwenye kitambaa cha kitenge. Nikampa shikamoo ya pili, maana kwenye mdomo wa kamera ile ilikuwa imekaa lenzi ya Helios 44-2, milimita 58, tundu la mwanga f/2 (namba ikiwa ndogo, tundu ni pana). "Wajukuu wanataka kuichezea, nawakatalia," akasema. "Ichukue wewe uone kama bado inaona."

Inaona. Ndiyo lenzi ninayoitumia zaidi kwa picha za sura hadi leo, na ndiyo iliyonifundisha karibu kila kitu kilichomo humu. Mengine nimejifunza kwa kupoteza hela. Kazi hii watu wanaiona kama uchawi wa mafundi, lakini lenzi ni vioo na hewa tu, na sehemu kubwa ya kuiunga kwenye kamera ya leo ni hesabu ya kutoa. Ukiikosea hesabu hiyo kabla ya kununua, hakuna fundi atakayekuokoa.

Kwanza, milimita

Kila kamera ya kubadilisha lenzi ina umbali maalumu kutoka bati la mdomo, pale lenzi inapokaa, hadi kwenye kihisi kinachopokea picha. Vijana wanakiita sensa, mimi naogopa watu watadhani tunakuja kuwahesabu. Umbali huo nitauita kina. Lenzi iliyotengenezwa kwa kamera fulani inategemea kina kilekile ili iweze kuona vizuri kitu kilicho mbali kabisa, yaani pale pete ya fokasi inapofika kwenye alama ya nane iliyolala.

Sasa shika hizi namba. Kwa lenzi za zamani: M42, ule mdomo wa kuzungushia tredi uliotumiwa na Zenit, Praktica na Pentax za awali, kina chake ni mm 45.46. Pentax K ni hiyohiyo 45.46. Nikon F ni 46.5, Olympus OM 46, Contax na Yashica za bayoneti 45.5, Minolta za mkono 43.5, Canon FD 42. Kwa kamera za leo zisizo na kioo cha kuruka ndani, ambazo wapiga picha huziita mirolesi: Sony E ni mm 18, Canon RF 20, Nikon Z 16, Fujifilm X 17.7, na Micro Four Thirds za Olympus na Panasonic 19.25. Kamera za DSLR, yaani zenye kioo hicho, za Canon, zile za mdomo wa EF ambazo ndizo zimejaa kwenye studio zetu, ni 44.

Toa kina cha kamera kutoka kina cha lenzi. Jibu ndio unene wa adapta. M42 kwenye Sony: 45.46 kutoa 18, unapata 27.46. Adapta ni bomba fupi lenye unene huo, ndani hewa tupu, na lenzi haijui kama imehama nyumba. M42 kwenye DSLR ya Canon: mm 1.46, kipete chembamba kama sarafu, na kinatosha.

Jibu likija hasi, hapo ndipo pa kusimama. Canon FD kwenye DSLR ya Canon ni 42 kutoa 44. Huwezi kutengeneza bomba lenye unene wa pungufu ya sifuri. Lenzi itakaa mbele mno, na itaona vitu vya karibu tu, mbali kote ukungu. Kuna adapta zenye kioo cha kurekebisha, lakini kioo hicho mara nyingi ni cha bei rahisi na kinaharibu ukali wa picha. Mimi sizinunui. Watu wa DSLR za Nikon ndio wenye bahati mbaya kuliko wote, kwa kuwa kina chao cha 46.5 kinawafungia nje karibu lenzi zote za kampuni nyingine. M42 itakaa na itapiga, lakini haifiki mbali. Wao watumie Nikkor za zamani za mkono, ambazo ni nzuri sana, na wajue kuwa kamera ndogo za mfululizo wa D3000 na D5000 hazitawapimia mwanga kwa lenzi hizo. Itabidi wapige kwa M, kila kitu kwa mkono, na kukisia.

Kwa mwenye mirolesi, karibu kila mlango uko wazi. Ukiwa bado unafikiria kununua kamera ya pili kwa ajili ya mchezo huu, Sony ya zamani ya mdomo wa E, hata kama imechoka, inakufaa kuliko DSLR mpya.

Jambo moja kwa wenye Canon za fulufremu, zenye kihisi cha ukubwa wa filamu ya mm 35, kama 5D: baadhi ya lenzi za M42 zina kitako kinachoingia ndani sana, na kioo cha kamera kikiruka kinagonga. Jaribu kwa kuweka fokasi mbali na kupiga taratibu, ukisikia mlio usio wa kawaida au kioo kikisita, acha.

Kuikagua lenzi kabla hujatoa hela

Lenzi hizi utazipata wapi? Makabatini. Kwa waliosoma nje, kwa familia za wapiga picha wa zamani waliokuwa na studio mjini, kwa wauza mitumba wanaoleta kamera bila kujua wamebeba nini, na kwa kuagiza. Ukiuliza kwa heshima mzee yeyote aliyewahi kupiga picha za filamu, utashangaa. Tafuta hasa lenzi za milimita 50 hadi 58, zilikuja na kila kamera, ndiyo maana ni nyingi na bei yake si ya kukutia uchungu.

Ukiipata, washa tochi ya simu. Fungua tundu lote, ipitishe tochi nyuma ya lenzi huku ukitazama mbele kwa pembeni, kisha geuza. Unatafuta vitu vinne. Kuvu inaonekana kama utando wa buibui au mizizi midogo kwenye kioo. Ukungu ni weupe uliotanda kioo kizima, mwanga wa tochi unakuwa kama umepita kwenye maziwa. Gundi iliyoachia kati ya vioo viwili inaonyesha rangi za upinde wa mvua pembeni. Na mafuta kwenye visu vya tundu yanang'aa kama ya kukaangia.

Vumbi ndani lisikutishe. Lenzi ya miaka hamsini isiyo na vumbi imefunguliwa na mtu, na hapo jiulize alikuwa nani. Mkwaruzo mdogo kwenye kioo cha mbele hauonekani kwenye picha. Mkwaruzo kwenye kioo cha nyuma unaonekana, hasa ukielekea jua.

Hapa hali ya hewa yetu inatusaidia kidogo. Kuvu inapenda unyevu, na Dodoma miezi mingi ya mwaka ni kavu, mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Lenzi iliyokaa miaka yote hapa mara nyingi ni safi. Iliyotoka Tanga, Dar es Salaam au Unguja itazame mara mbili. Mimi niliwahi kutuma hela kwa simu kwa muuzaji wa mji mmoja wa pwani, picha aliyonitumia inang'aa, nikapokea lenzi ambayo ndani yake ungeweza kulima uyoga. Tangu hapo naomba video: tochi nyuma, tundu wazi, bila kukata.

Kisha zungusha. Pete ya fokasi ikiwa ngumu, grisi imekauka, na hilo fundi analimaliza. Usipulizie dawa ya kulegeza kutu, itatembea hadi kwenye visu vya tundu na utakuwa umenunua tatizo jipya. Fungua na ufunge tundu kwa haraka, visu vifuate papo hapo.

Kwa M42, angalia pia kama kuna kipini kidogo nyuma. Lenzi za baadaye zilifunga tundu pale tu kamera ilipobonyeza kipini hicho. Adapta isiyo na ukingo wa kukibonyeza itaiacha lenzi wazi daima, uzungushe pete hadi kesho. Nyingine zina swichi ya A na M pembeni, weka M. Helios 44-2 haina shida hiyo. Ina pete mbili, moja unachagua kikomo, ya pili unafungua na kufunga bila mlio. Mara ya kwanza inachanganya. Siku ya pili hutaki nyingine.

Ukikuta lenzi yenye rangi ya chai, hasa baadhi ya Super-Takumar 50 mm f/1.4 za Asahi, kampuni ya Pentax, usiikatae. Zilitiwa kioo chenye thoriamu, madini yenye mnunurisho hafifu, na kwa miaka kioo kinageuka njano. Kuitumia kwa kawaida hakuna hatari, ila usikisage kioo wala kukikwangua. Dawa yake ni mionzi ya jua. Ifunike mbele kwa karatasi ya alumini, tundu wazi, uiache dirishani siku kadhaa kioo cha nyuma kikitazama nje. Alumini usiisahau: lenzi juani ni kiberiti, na sitaki kusikia pazia la mtu limeshika moto.

Adapta

Nunua adapta ya chuma, si ya plastiki. Ikifika, kabla hujaigusisha na kamera, ipulize na uifute tredi zake kwa brashi kavu, kwa sababu adapta mpya huja na vumbi la chuma kutoka kiwandani na vumbi hilo linakwenda moja kwa moja kwenye kihisi. Chungulia ndani. Kama kunang'aa, mwanga utagonga ukuta huo na kurudi kwenye picha, weusi wote utakuwa kijivu. Paka rangi nyeusi isiyong'aa, au bandika kitambaa cheusi cha mahameli. Kazi ya dakika kumi, na tofauti utaiona kuliko kubadilisha lenzi.

Kuna adapta ambazo kazi yake ni nyingine: zina vioo vinavyoikusanya picha ya lenzi ya fulufremu na kuibana ikae kwenye kihisi kidogo cha APS-C. Nyingi zinazidisha kwa 0.71. Helios ya 58 inageuka 41, na f/2 inakuwa f/1.4. Bila adapta hiyo, kwenye APS-C ya Sony au Fujifilm ile 58 inabana kama 87 ya fulufremu, na kwenye Canon kama 93. Kwa sura za watu si mbaya hata kidogo. Kwa chumba cha uchumba chenye ndugu arobaini, utapigia dirishani.

Adapta ikikwama, usitumie koleo. Mpira mnene wa kufungulia chupa, au glavu za mpira, na mkono wa mwenzako akishika kamera. Yangu ya kwanza ilikwama saa mbili kabla ya kipaimara, nikaenda na lenzi moja.

Kuiandaa kamera

Mirolesi haiioni lenzi isiyo na umeme. Itadhani haina lenzi na itakataa kupiga. Ingia kwenye menyu utafute ruhusa ya shata kufanya kazi bila lenzi, iwashe. Kama kamera ina kituliza mtikisiko ndani ya mwili, iambie kwa mkono kuwa lenzi ni mm 58, ama sivyo itatuliza kwa hesabu ya lenzi nyingine na picha zitatikisika zaidi kuliko bila kituliza. Hili watu wengi wanalisahau, halafu wanailaumu lenzi.

Piga kwa A au M. Kwenye A unachagua tundu kwenye lenzi, kamera inatafuta shata. Washa ile rangi inayochora kingo za vitu vilivyo kwenye fokasi, lakini usiiamini sana tundu likiwa f/2, inadanganya kwa sentimita. Weka kitufe kimoja cha kukuza picha, kuza kwenye jicho, fokasi, punguza, piga. DSLR haina vitu hivi kwenye kitundu chake cha kutazamia, basi tumia skrini ya nyuma ukikuza mara kumi.

Na rekebisha kigurudumu kidogo pembeni ya kitundu cha kutazamia kulingana na macho yako. Nimekutana na kijana wa Chuo Kikuu cha Dodoma aliyeuza lenzi nzuri kwa kuwa "haifokasi", kumbe ni hicho kigurudumu.

Jaribio la asubuhi

Usianze kwa mteja. Amka mapema, uwe nje saa moja asubuhi, kabla ardhi haijaanza kuchemka. Ikifika saa nne, Dodoma hewa inacheza juu ya ardhi, mazigazi yanatikisa kila kitu kilicho mbali, na utadhani lenzi ndiyo mbovu. Tafuta mnara wa simu ulio kilomita kadhaa, au miamba juu ya Mlimwa. Weka kamera kwenye kitripodi, tundu wazi kabisa, pete kwenye nane iliyolala. Kuza. Mnara unapaswa kuwa mkali pale au nukta chache kabla ya mwisho wa pete. Adapta nyingi hutengenezwa nyembamba kidogo kwa makusudi, ili kufika mbali kuwe na uhakika, kwa hiyo usishangae mnara ukiwa mkali kabla pete haijafika nane. Lakini kama hata mwisho wa pete mnara bado ni ukungu, adapta ni nene. Peleka kwa mafundi wanaochonga vyuma, wenye mashine ya kuzungusha na vernia, SIDO (shirika la viwanda vidogo) au kwingineko, wakupunguzie sehemu ya kumi ya milimita. Waeleze wasichonge upande wa kamera.

Kisha ukuta wa matofali. Simama mbele yake kamera ikiwa imenyooka, piga f/2, f/4, f/8. Linganisha kona nne. Kona zote zikiwa laini kwa usawa, ndiyo tabia ya lenzi. Moja ikiwa mbovu na tatu nzuri, ndani kuna kioo kilichohama, labda kiliangushwa.

Jua letu na tundu wazi

Sehemu hii ndiyo iliyonisumbua zaidi. Kwa kanuni ya zamani ya jua kali, ISO 100 (ISO ni usikivu wa kihisi kwa mwanga), f/16, shata ni karibu 1/125. Ukifungua hadi f/2 umepanda hatua sita, kila hatua ikizidisha mwanga mara mbili: 1/8000. Kamera nyingi zinaishia 1/4000. Saa sita mchana Nyerere Square, f/2 itakupa picha nyeupe kama shuka. Nunua kichujio cha ND8, kinachopunguza hatua tatu. 1/8000 inarudi 1/1000. Helios 44-2 inachukua kichujio cha mm 49, zile za 44M zinachukua 52. Ukitumia flashi juani kichujio hicho ndicho kitakachokuwezesha kukaa karibu na 1/200, na hapo ND8 pekee haitoshi, funga tundu kidogo pia.

Lenzi za zamani zina mipako michache ya kuzuia mng'ao, nyingine mmoja tu. Jua likiingia pembeni utapata utando mweupe. Kifuniko cha mbele cha mpira kinasaidia, na mkono wa kushoto ukiutandaza juu ya lenzi unasaidia bila gharama. Wakati mwingine utando huo ndio unaoutaka: saa kumi na mbili kasoro jioni, vumbi likiwa hewani, mtu amesimama mbele ya mbuyu, jua nyuma ya bega lake. Lenzi ya kisasa itaonyesha vumbi. Helios itaonyesha jioni.

Kuhusu ule mzunguko wa nyuma ambao watu wanaununulia Helios. Lenzi hii ilitokana na Biotar ya Carl Zeiss, na mzunguko unatokea kwa sababu duara za mwanga pembeni mwa picha zinakatwa na mwili wa lenzi na kuwa kama macho ya paka, yanayozunguka katikati. Ili uupate lazima nyuma kuwe na matundu madogo ya mwanga. Ukuta hautakupa kitu. Mwarobaini utakupa, na Dodoma miarobaini haituishi. Mweke mtu mita moja na nusu hadi mbili kutoka kwako, majani yawe mita kadhaa nyuma yake, tundu f/2, uso katikati. Mashamba ya zabibu ya Hombolo na Mpunguzi yakiwa na majani ni bora zaidi, jua linapenya kwenye mizabibu kama kwenye chekecheke. Kwenye kihisi cha APS-C mzunguko unapungua sana, pembeni ndiko unakoishi na pembeni pamekatwa.

Uwe na subira na fokasi. Kwenye fulufremu, 58 kwa f/2, mtu akiwa mita 2, kina cha ukali ni kama sentimita 14. Akiwa mita 1 ni sentimita tatu na nusu: kope ziko ndani, masikio yako nje. Usizungushe pete kila mara. Weka fokasi, kisha sogea wewe mbele na nyuma kwa kuyumba kidogo, piga tatu.

Kwa kitu kinachotembea, sahau f/2. Akina mama wa Kigogo wakipiga ngoma ya muheme hawakusubiri ukuze jicho. Funga f/8, weka pete kwenye mita 5, na kila kilicho kati ya mita 3.7 na 7.8 hivi kitakuwa kikali. Simama humo, tazama ngoma, usitazame pete. Na omba ruhusa kwanza, kisha rudi na picha iliyochapwa. Wapiga picha wengi wa mjini tunaahidi na haturudi.

Kazi nyingine inayoifaa lenzi ya mkono ni kitu kisichokimbia kabisa. Michoro ya miamba ya Kolo, Kondoa, iliyoingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, iko kivulini, mwamba umelala, rangi hafifu. Kitripodi, f/8, kuza, fokasi kwa utulivu, bila flashi. Nimepata pale ukali ambao lenzi yangu ya kisasa ya zumu haijawahi kunipa.

Harusini? Sipeleki, ila kama lenzi ya pili kwa picha za maharusi peke yao. Niliwahi kuingia nayo ukumbini kwenye send-off nikijiona fundi. Bibi harusi mtarajiwa akaingia akicheza, taa zinabadilika, na nikapata picha kumi na nne za ukali mzuri wa begi la shangazi.

Lenzi za sinema

Hizi zimegawanyika. Za kisasa za bei ya kawaida, kama Samyang 35 mm T1.5 au zile za Meike na 7Artisans, zinakuja na mdomo wa kamera yako moja kwa moja, hazihitaji adapta. Utakachokiona tofauti ni pete zenye meno ya gia, tundu lisilo na mlio wa hatua, na herufi T badala ya f. Hesabu ya f ni ya umbo: zile milimita za lenzi kugawa kwa upana wa tundu. T ni mwanga uliofika kweli baada ya vioo kula sehemu yake. Kwa hiyo T1.5 ni lenzi ambayo f yake ni pana zaidi kidogo, na kwa kina cha ukali utumie f. Pete ya fokasi inazunguka sana, nyuzi 270 au zaidi kwa lenzi kubwa, ili msaidizi wa kamera aifuate hatua za mwigizaji. Kwa picha za kusimama ni usahihi mtamu na uchelewaji wa kuudhi, vyote pamoja. Tundu lisilo na mlio linahama ukiligusa. Bandika kipande cha gundi ya karatasi baada ya kuliweka.

Za zamani za kitaalamu zina mdomo wa PL, kina mm 52. Mirolesi inazipokea kwa adapta. DSLR ya Canon kwa hesabu inaonekana inawezekana, 52 kutoa 44, lakini kitako cha PL kinaingia ndani na kukutana na kioo cha kamera, kwa hiyo hapana. Jambo la kuuliza kabla ya kuazima ni upana wa duara la picha. Lenzi za Super 35 zilitengenezwa kwa fremu yenye ulalo wa mm 31 hivi. APS-C ulalo wake ni 28, inaingia. Fulufremu ni 43, utapata kona nyeusi, basi washa ukataji wa APS-C kwenye kamera. Na ni nzito: shikilia lenzi, kamera ndiyo ining'inie.

Chini kabisa kuna C, mdomo wa tredi ya inchi moja uliotumiwa na kamera za filamu ya mm 16 na sasa na kamera za ulinzi. Kina ni 17.526, na kwa kuwa mdomo wake ni mwembamba, adapta inaweza kuzama ndani ya mdomo wa kamera hata hesabu ikija hasi kidogo. Muulize fundi wa kufunga kamera za ulinzi kama ana lenzi za C alizozitoa kwenye mifumo ya zamani. Mm 25 na 35 zinapatikana. Za CS achana nazo, kina chake ni 12.526 na hazifiki mbali kwenye kamera yoyote yako. Duara la filamu ya mm 16 ni dogo, ulalo wa 12.7 tu, kwa hiyo lenzi fupi zitakupa picha ya duara katikati ya giza. Ndefu, kuanzia 50, mara nyingi zinajaza Micro Four Thirds.

Kisha kuna lenzi ya projekta. Ukikuta projekta ya mm 16 imekufa kwenye stoo ya shule au misheni, omba wakuuzie lenzi tu. Haina tundu wala pete ya fokasi. Ni vioo ndani ya bomba, na huwa pana kwa mwanga. Funga madirisha, zima feni, maana kamera itakuwa mdomo wazi. Weka kamera mezani ikitazama mti wa mbali kupitia kioo cha dirisha, shika lenzi kwa mkono mbele ya mdomo, isogeze hadi mti ukae sawa kwenye skrini. Mwenzako apime kwa rula kutoka ukingo wa lenzi hadi bati la kamera. Andika. Umbali huo ndio urefu wa juu wa bomba lako. Halafu unahitaji helikoidi, ile pete ya tredi inayorefuka na kufupika, pamoja na kipete cha mdomo wa kamera. Lenzi inakaa ndani yake kwa kipande cha bomba la PVC kutoka duka la vifaa vya ujenzi, kilichopakwa rangi nyeusi na kuzungushiwa mkanda hadi kibane. Hakikisha helikoidi ikiwa imefungwa kabisa, jumla yake inapungua kidogo kuliko umbali uliopima. Mwanga utaudhibiti kwa shata na vichujio tu. Katikati ya picha ni mkali, pembeni pamekunjika, na maua ya mbuyu ukiyapiga kwayo utakaa kimya dakika nzima.

Upepo na vumbi

Julai hadi Septemba upepo wetu haubembelezi. Badilisha lenzi ndani ya gari vioo vimepandishwa, au geukia ukuta, mdomo wa kamera ukitazama chini. Tumia pampu ya mpira ya kupulizia, kamwe si mdomo wako. Usifute kioo kwa kanga wala fulana, chembe ya mchanga wa granaiti itachora mstari wa kudumu. Lenzi ya zamani haijafungwa dhidi ya vumbi, kila ukizungusha pete inavuta hewa; ukirudi nyumbani ifute mwili kwa brashi kabla ya kuizungusha tena.

Piga RAW, yaani faili ghafi. Lenzi hizi zina utofauti mdogo wa mwanga na kivuli, weusi utauvuta kwenye kompyuta bila kupoteza ngozi. Na kwa kuwa kamera haiandiki jina la lenzi wala tundu, beba daftari. La kwangu lina mistari ya namna hii: "Helios, f/2.8, m 1.5, mwarobaini nyuma, saa kumi na moja na nusu, mzee amevaa lile koti la Moscow, jicho la kushoto."